Zima Sauti Kwanza: Ninavyotazama Mwanzo wa Filamu

Filamu fupi ya kwanza niliyoihariri mwenyewe inaanza na mama anayekunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi. Ni kama sekunde 40, mikono tu, uso hauonekani. Chini ya picha hizo niliweka piano ya taratibu kwa sababu niliipenda. Nikawaonyesha watu watano. Wanne waliniambia kwa sauti ya chini, kama waliokuja kuhani, kwamba kifo cha mtoto kimewagusa sana. Mtoto hakufa. Alikuwa anakwenda shule ya bweni.

Nilimaliza wiki nzima nikikata na kupangua picha, nikiamini kuwa mikono ya mama ndiyo iliyowapotosha. Siku moja nikazima spika nikatazama kimyakimya. Kulikuwa na viatu vipya, soli nyeupe ambazo hazijakanyaga vumbi. Kulikuwa na madaftari. Vidole vya mama vilikwenda mbio mbio, vya mtu anayechelewa safari. Hakuna picha hata moja iliyotaja msiba. Piano ndiyo iliyoutaja.

Tangu siku hiyo mwanzo wa filamu nautazama mara tatu, na ndivyo ninavyomshauri yeyote anayejifunza kazi hii, hata anayetaka tu kuelewa kwa nini mwanzo fulani umemshika asiondoke kitini.

Mara ya kwanza zima sauti. Weka kidole mezani, ugonge kila picha inapobadilika. Usihesabu, gonga tu. Baada ya dakika moja mkono wako utakuwa umeshaushika mwendo wa mhariri, na pale mwendo unapovunjika, yaani gonga, gonga, gonga, halafu kimya kirefu, ujue hapo ndipo alipotaka utulie. Rudi hapo. Angalia nani kawekwa karibu na nani kaachwa pembeni, mwanga unatoka upande gani, kitu gani kinajirudia. Mara ya pili fumba macho usikilize. Mara ya tatu viunganishe, ukijiuliza: sauti inarudia kile picha ilichokwisha kusema, au inaleta jambo ambalo picha peke yake haina?

Mwalimu wangu mkubwa wa swali hilo ni *Touch of Evil*, filamu ya mwongozaji Orson Welles, ya mwaka 1958. Mikono inatega saa ya bomu. Bomu linawekwa kwenye buti ya gari, wenye gari wanaingia bila kujua, gari linaondoka. Kamera inapanda juu kwa kreni na kulifuata katika mitaa ya mji wa mpakani, kati ya Mexico na Marekani, kwa zaidi ya dakika 3 bila kukatwa hata mara moja. Kwa kidole chako hakuna cha kugonga. Unasubiri tu, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakokubana, maana wewe unajua na waliomo garini hawajui.

Studio iliweka majina ya waigizaji na watengenezaji juu ya picha hizo pamoja na muziki wa Henry Mancini. Ni muziki mzuri, niseme ukweli. Lakini Welles aliwaandikia waraka wa kurasa 58 kuhusu filamu nzima, na kuhusu mwanzo alitaka zisikike sauti za mtaa wenyewe: miziki inayotoka kwenye kumbi na redio za magari. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliisuka filamu upya akiufuata waraka huo. Tafuta matoleo yote mawili uyatazame siku moja. Katika toleo la 1998, gari likipotea machoni, redio yake inakwambia liko karibu au limekwenda mbali. Unalisikia bomu likikaribia. Picha ni zile zile, lakini masikio yamepewa kazi.

Sisemi muziki ni adui. *Psycho* ya Alfred Hitchcock, ya 1960, inaanza na mistari tu ya mbunifu Saul Bass inayokatiza skrini huku na kule, na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vikiikimbiza. Hajaonekana mtu, na tayari huna amani. Pale muziki umebeba mzigo wake halali. Piano yangu haikubeba kitu. Ilijaza nafasi kwa sababu niliogopa kimya. Ukihariri, maliza kukata picha kwanza bila wimbo wowote, hata ule unaoupenda. Hasa ule unaoupenda, kwa sababu utaanza kukata kwa kuufuata wimbo na kumsahau mtu aliye mbele ya kamera.

Yangu niliirekebisha hivi. Piano nikaiondoa yote. Viatu vipya, vilivyokuwa mwishoni, nikavileta mwanzo kabisa na kuviacha sekunde 4 bila kukata. Siku ya kurekodi begi lilikuwa limejaa, zipu ikakwama katikati, na mama akalikandamiza kwa goti akivuta. Sauti hiyo nilikuwa nimeitupa kwa kuiona chafu. Niliirudisha, na zipu ilipofunga ndipo nikaweka jina la filamu.

Nikawaonyesha watu wengine watano. Mmoja, kabla hata picha ya pili haijaisha, akauliza mtoto anaingia kidato cha ngapi.