Re: Chaja ya zamani kwenye betri mpya za lithiamu

Mkuu, umeuliza kama chaja ya betri za maji inaweza kuchaji lithiamu kwenye kigari cha gofu kwa kuwa zote ni za volti 48, na kama alama ya CE inatosha. Usiitumie. Hiyo 48 ni jina tu. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) yenye seli 16 hujaa kwenye volti 58.4, wakati chaja ya betri za maji ikifika hatua ya kusawazisha seli inaweza kupanda hadi volti 62 hivi. Hapo umebaki kuitegemea BMS (saketi ya ndani ya betri inayoilinda) ikate umeme, na BMS ni kinga ya dharura, si ya kufanya kazi hiyo kila usiku.

CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inatimiza masharti ya Ulaya. Kwa chaja nyingi hakuna mkaguzi wa nje aliyehusika. Mwombe muuzaji ripoti ya majaribio ya IEC 60335-2-29, ambacho ndicho kiwango cha chaja za betri, kisha linganisha namba ya modeli na ile ya kwenye kibandiko. Zikitofautiana hata herufi moja, uliza kwa nini. Kwa betri zenyewe, omba muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu wakati wa kusafirishwa.

Vigari vinavyobaki na betri za maji vichajie penye hewa. Zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 hewani, cheche moja inatosha, kwa hiyo zima chaja kwanza ndipo uchomoe plagi. Na kama unatumia ekstensheni za kuunganishaunganisha, ondoa kabisa.