MASWALI YA WASOMAJI: Miwani ya VR ya mamilioni, ninunue au niache?

Barua tatu za safari hii zimetoka Tabora, na zote zinahusu miwani ya VR, ile inayofunika macho yote mawili na kumzungushia mvaaji picha pande zote, akigeuza kichwa picha nayo inageuka.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina banda la PS hapa Isevya, televisheni nne, na vijana hawakauki. Msimu huu asali imelipa, nina akiba ya shilingi milioni 9 na ushei. Nataka kuongeza miwani ya VR. Nasikia Apple Vision Pro ndiyo ya juu kabisa. Nichukue hiyo moja iliyo bora, au kuna njia nyingine? – Mwenye banda, Isevya

JIBU: Usiichukue, mwenye banda. Kioo chake ni kizuri mno, tatizo ni kwamba imetengenezwa kwa uso wa mtu mmoja. Mnunuzi hupimwa uso kwa simu kabla ya kuuziwa, kisha huchaguliwa kizuizi cha mwanga cha saizi yake. Akivaa mwingine mwenye uso mwembamba au pua tofauti, mwanga unapenya na picha inakaa vibaya. Halafu miwani hii inaongozwa kwa macho na vidole, kwa hiyo kila mgeni anapitishwa kwanza kwenye mazoezi ya kufuata vidoa kwa macho. Kwako wewe unayeuza dakika kumi kumi, muda huo ni hela inayopotea, na foleni haitasubiri. Tena haiji na pedi, wakati wateja wako wamezoea pedi.

Sasa tazama hesabu. Ilipoanza kuuzwa Marekani Februari 2, 2024, bei ilikuwa dola 3,499. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola (weka kiwango cha siku yako) hiyo ni shilingi 8,747,500. VAT ya asilimia 18 juu ya bei hiyo tu ni 1,574,550, jumla 10,322,050, na hapo hujahesabu usafiri, bima wala ushuru mwingine wa forodha. VAT yenyewe hukokotolewa baada ya gharama hizo kuongezwa, kwa hiyo itapanda zaidi. Akiba yako imekwisha kabla mzigo haujafika Dar es Salaam. Na ikiharibika hakuna fundi wa kampuni nchini, inarudi ilikonunuliwa.

Kwa banda, tunachokushauri ni Meta Quest 3S, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, tena mbili. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99 ile ya GB 128. Ina prosesa ileile ya Quest 3 iliyo ghali zaidi, na haihitaji kompyuta wala PS. Mbili kwa kiwango kilekile ni kama shilingi milioni moja na nusu, na ukiongeza VAT ni kama 1,770,000 kabla ya usafiri. Nayo haiuzwi rasmi Tanzania, kwa hiyo risiti uitunze na uijaribu mapema, muda wa kurudisha ukiwa haujapita.

Pengine umewaza PlayStation VR2 kwa kuwa tayari una PS. Angalia kwanza una PS ipi. Kwa upande wa PS, VR2 inakubali PS5 peke yake; kwenye PS4 haiwaki. Pia inaunganishwa kwa waya, na umeme ukikatika, PS na miwani vinalala pamoja.

Hapo kwenye umeme ndipo Quest inapokuokoa. Betri yake iko ndani na inadumu saa 2 hadi 2 na nusu. Ikicheza inakula wati 8 au 9 tu, kiasi cha balbu ndogo. Pawabenki ya mAh 10,000 yenye mlango wa USB-C wa kuchaji haraka itakuongezea kama saa 2 na nusu. Ya mAh 20,000 itakufikisha saa 5. Chaja za vifaa hivi huandikwa 100–240V, kwa hiyo ukiletewa yenye meno bapa ya Marekani nunua adapta ya plagi tu, usipoteze hela kwa transfoma. Soma hiyo namba kwenye chaja kabla ya kuchomeka.

Jambo ambalo wenye mabanda hawaliwazi ni pangaboi. Mteja wa VR hurusha mikono juu bila kuona. Kila anayecheza amesimama anahitaji sakafu tupu ya mita 2 kwa 2, na juu pasiwe na pangaboi lililoning'inia. Kama dari lako ni fupi, wachezeshe wameketi kwenye stuli isiyo na magurudumu, na kamba ya pedi ivaliwe mkononi kila mara. Pedi ikimchomoka mtu, itaenda moja kwa moja kwenye kioo cha televisheni.

Miwani hii huona chumba kwa kamera, kwa hiyo giza huivuruga: picha inayumba, pedi zinapotea. Quest 3S ina taa ndogo za infraredi mbele zinazosaidia gizani, lakini weka taa ya kuchaji ukutani kwa ajili ya umeme unapokatika.

Jua nalo. Lenzi za VR ni kioo cha kukuzia, kama kile ambacho watoto huchomea karatasi. Ukiiacha miwani mezani karibu na mlango, lenzi zikitazama nje, jua la asubuhi litapita ndani ya lenzi na kuunguza kioo cha picha kwa muda mfupi sana. Litabaki doa lisilotoka, na kila mteja ataliona katikati ya gemu. Anayemaliza aivue, ailaze lenzi chini au aifunike, papo hapo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la kiangazi likiwa limetanda, usifute lenzi kwa shati wala kanga, maana chembe za mchanga zinakwaruza plastiki. Puliza kwanza kwa kipulizia cha mpira, kisha futa kwa kitambaa laini kikavu cha lenzi za kamera, ukianzia katikati kwenda pembeni kwa kuzungusha. Spiriti isiguse lenzi. Sehemu inayogusa uso ivishe kava la silikoni na uipanguse baada ya kila mteja, kwa sababu ugonjwa wa macho mekundu huhama uso kwa uso kwa njia hiyohiyo.

Wengine watachafukwa na tumbo. Macho yanaambia ubongo kwamba mwili unakimbia, sikio la ndani linasema umetulia, na ubongo unachanganyikiwa. Mgeni mpe gemu ambayo mchezaji anabaki pale aliposimama, ya kupiga vitu vinavyomjia, kwa dakika 5 hadi 10. Mbio za magari na kuruka angani ziwe za waliozoea. Anayeanza kutoka jasho jembamba mvue hapohapo, asijikaze. Watoto chini ya miaka 10 wasivae kabisa: Meta yenyewe imeweka miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Mwisho, gemu nyingi huuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Soma leseni ya kila gemu au mwandikie mtengenezaji. Wapo wanaouza leseni ya mabanda. Bando la kupakulia litenge pia, maana gemu moja inaweza kula GB 1 na nyingine ikapita GB 10. Gemu nyingi zikishaingia huchezeka bila intaneti.

SWALI: Mimi huchora ramani za nyumba. Wateja wangu wengi hawaelewi karatasi. Nyumba ikisimama ndipo wanasema sebule ni ndogo. Nataka waingie ndani ya nyumba kabla ya msingi kuchimbwa. Nimeambiwa bila miwani ya bei kubwa na kompyuta ya nguvu haiwezekani. – Mchoraji, Cheyo

JIBU: Inawezekana, na kompyuta uliyonayo huenda ikatosha. Kuna njia mbili, na zinatofautiana sana kwa gharama.

Njia ya kwanza ni mteja atembee humo ndani kwa uhuru. Hiyo inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu, ya daraja la RTX 3060 kwenda juu, ikichora kila hatua anayopiga. Ukitaka bila waya, ruta iwe ya GHz 5, chumba kilekile, na kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa kebo. Mawasiliano hayo ni ya ndani, hayali bando. Hotspoti ya simu haifai kwa kazi hii, picha itakatika.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tungeanza nayo, ni picha ya mzunguko ya digrii 360. Kwenye programu yako ya kuchorea, weka kamera katikati ya chumba, urefu wa mita 1.6 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu mzima. Toa picha ya duara kamili yenye upana mara mbili ya kimo, mfano pikseli (nukta za picha) 8192 kwa 4096, faili la JPG. Moja sebuleni, moja jikoni, moja kila chumba cha kulala. Kompyuta ya kawaida itachukua muda mrefu kuzitoa, lakini iache ifanye kazi usiku. Ukihamishia mafaili hayo kwenye miwani kwa kebo, mteja anakaa kwenye kiti, anageuka huku na huku, na unamsogeza chumba hadi chumba bila kompyuta na bila intaneti. Kosa linalotokea mara nyingi ni kamera kuwekwa juu mno: mteja anajiona jitu, na sebule inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kwako tungelipia zaidi tuchukue Quest 3 badala ya 3S. Sababu ni ukali wa picha. Quest 3 inatoa pikseli 25 kwa kila digrii ya upeo wa macho, 3S inatoa 20. Vision Pro hufika kama 34, na jicho zima huweza kutofautisha hadi 60 hivi. Kwenye 25, mteja anaona mpaka wa vigae na fremu ya dirisha vizuri. Kwa hiyo 34 ina maana kwa mtu anayeshinda akisoma maandishi madogo humo ndani. Mteja wako anakaa dakika kumi tu.

SWALI: Navaa miwani ya macho. Kuna jamaa ananiuzia Quest 3 iliyotumika. Nikague nini? – Msomaji, Ipuli

JIBU: Anza na macho yako, upime umbali kati ya mboni zako mbili. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, rula ya milimita ikiwa juu ya pua. Funga jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Usitikise kichwa, funga la kushoto, fungua la kulia, soma namba iliyo katikati ya mboni ya kulia. Kwa watu wazima wengi ni karibu na 63. Quest 3 hurekebishwa kwa gurudumu la chini, na imekusudiwa macho yenye umbali wa milimita 53 hadi 75. Sehemu ya uso nayo huvutwa mbele kwa hatua nne ili miwani yako ya macho iingie. Ivute hadi lenzi zisigusane, kwani zikisuguana zote mbili zinakwaruzika.

Kisha ikague betri ikiwa imejaa. Cheza nusu saa. Nzima hudumu kama saa 2 na dakika 12, kwa hiyo ishuke asilimia 23 hivi. Ikishuka 40, betri imechoka. Fungua picha nyeupe tupu, tazama kwa jicho moja moja ukitafuta doa lililoungua. Mulika lenzi kwa tochi kutoka ubavuni uone mikwaruzo. Fungua mfuniko wa kila pedi uangalie kutu ya betri ya AA, kisha achia kijiti cha pedi uone kama kinasogea chenyewe.

Kabla ya kutoa hela, jamaa aiondoe miwani kwenye akaunti yake mbele yako, kisha ifutwe yote: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti hadi menyu itokee, chagua kurudisha hali ya kiwandani. Iwashe upya kwa simu yako na akaunti yako, mahali penye intaneti ya uhakika, maana itataka masasisho. Ikikubali, lipa. Sponji ya uso ikiwa imechanika, punguziwa bei, hiyo inabadilishwa. Doa la jua likiwepo, mrudishie.