Hiyo ramu ya bluu usiibebe bado

Ndugu yangu, umesema tangi lako la samaki hapo Ntinda lina wiki tatu tu, na muuzaji anakupa jozi ya ramu elektriki bluu, wale samaki wadogo wa mapambo, kwa shilingi 90,000, uchukue ama uache. Mimi ningeacha kwanza. Si kwamba ni samaki mbaya, wee, ule ubluu ukipigwa na taa hata chai inakupoa mkononi, lakini hiyo rangi ni ya kuzalishwa na watu kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi, na mwili wake ni dhaifu kuliko ramu ya kawaida ya kule mto Orinoco. Anataka maji laini, joto digrii 28 hivi, na Kampala usiku inashuka hadi 17 au 18, sasa umeme ukienda saa nane usiku hita si imezima na wewe umelala? Wangu wawili waliniendea hivyo hivyo, asubuhi mmoja nikamkuta kwenye kona amebana mapezi anahema mbio mbio, jioni kwisha. (Ndugu zao nkejje, visamaki vya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, sisi tunawakausha tunakula na mchuzi wa karanga, hawana hizi deko.)

Halafu tangi la wiki tatu bado changa, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, itawamaliza. Ngoja miezi miwili, pima maji, alafu urudi dukani umwambie awalishe mbele yako. Asiyekimbilia chakula, au tumbo limebonyea na kinyesi ni cheupe kama uzi, muachie mwenyewe hata akupunguzie bei.