Achana na makaisari, chagua mji

Wanaotaka kuanza kukusanya sarafu za kale huniuliza swali lile lile: ninunue kaisari gani? Mimi huwaambia waachane na makaisari, wachague mji. Chini ya utawala wa Roma, mamia ya miji ya mashariki, kuanzia Ugiriki na Uturuki ya leo hadi Syria na Misri, iliendelea kupiga sarafu zake kwa karibu miaka 300, nyingi za shaba nyeusi zenye maandishi ya Kigiriki. Upande mmoja una kichwa cha mtawala. Upande wa pili ndio wenye mji: mungu wake, hekalu lake, mto wake, hata majigambo yake. Ephesus na Smyrna zilishindana wazi wazi kwenye sarafu, kila mmoja ukijiita wa kwanza katika Asia, jimbo la Kirumi la magharibi mwa Uturuki ya leo.

Kama huna mji unaokuvutia, anza na Alexandria. Sababu yangu ni ya kivivu kidogo: sarafu zake zimeandikwa mwaka.

Chukua niipendayo kuliko zote, tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya kaisari Nero. Ni kipande kinene cha fedha iliyochanganywa sana na shaba, upana milimita 24 hivi, uzito gramu 12 au 13. Upande wa pili kuna mwanamke aliyevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo. Isogeze dirishani, mwanga uipige kiubavu, utaona mkonga ulivyoinuka juu ya paji la uso. Huyo ndiye Alexandria, mji uliopewa sura ya mtu. Mbele yake kuna alama inayofanana na L, kisha herufi I na B. Hiyo L ni alama ya mwaka, na kwa kuwa Wagiriki walihesabu kwa herufi, I ni 10 na B ni 2. Mwaka wa 12 wa Nero, basi. Nero alishika madaraka Oktoba mwaka 54 BK, na mwaka wa Kimisri ulianza mwishoni mwa Agosti. Miezi kumi na kidogo ya mwanzo, hadi Agosti 55, ilihesabiwa kuwa mwaka mzima. Kwa hiyo unachoshika kilipigwa kati ya Agosti 65 na Agosti 66. Mwaka huo zilipigwa nyingi mno, ndiyo maana iliyochakaa kiasi bado hupatikana mnadani kwa bei ya kawaida, wakati dinari ya Nero, sarafu ya fedha iliyopigwa Roma, itakutoa jasho.

Kwetu sisi watu wa pwani kuna utamu wa ziada. Katika karne hiyo hiyo ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Humo anaitaja Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na bandari yake ya mwisho, Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka pwani ya Tanzania. Pembe za ndovu zilitoka huko kwa wingi. Lakini anavyotaja kuwa viliingizwa ni mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, na isitoshe pesa za Alexandria zilitengenezwa zizunguke ndani ya Misri tu. Muuzaji akikuambia tetradrakma yake iliokotwa Kilwa au Bagamoyo, funga pochi yako.

Kabla hujatoa hata senti, jifunze herufi za Kigiriki. Ni 24 tu. Zoea kwamba sigma mara nyingi imeandikwa kama C, na kwamba jina la mji kwa kawaida huishia na ΩΝ. Anayeogopa Kigiriki aende Viminacium, katika Serbia ya leo: shaba kubwa, maandishi ya Kilatini, fahali na simba, na mwaka umeandikwa pale chini.

Kuhusu bandia, nenda kwenye hifadhidata ya Roman Provincial Coinage, haina malipo. Tafuta aina yako, linganisha picha na uzito. Kisha tazama ukingo kwa lenzi. Sarafu hizi ziligongwa kwa nyundo. Ukiona mstari wa muungano umezunguka ukingo, au vitundu vidogo kama vya povu usoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Ukiona mbili zenye ufa ule ule mahali pale pale, ziache zote.

Usisafishe. Ndimu, siki, dawa ya meno, hapana. Rangi ile ya kijani kibichi iliyokomaa au kahawia ni ngozi ya sarafu, na ikiondoka thamani inaondoka nayo. Cha kuogopa ni unga wa kijani kilichofifia unaorudi kila ukifutwa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unatokana na chumvi na unyevu. Itenge sarafu hiyo haraka. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, weka mkusanyiko kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC.

Halafu karatasi. Sheria ya Misri Na. 117 ya mwaka 1983 inayafanya mambo ya kale kuwa mali ya taifa, na Uturuki nayo hairuhusu yatoke. Nunua kwa anayeweza kuonyesha sarafu ilikuwa wapi miaka ya nyuma: risiti, ukurasa wa mnada, hata kikaratasi cha mwenye nayo wa zamani. Hivyo vikaratasi usivitupe. Mimi naviweka bahasha moja na sarafu yake, na nikiuza vinaondoka pamoja.