Maswali na Majibu: Kamera Itulie au Ifuate Nyota?

Swali: Desemba hii nataka kupiga picha za vimondo vya Mapacha (Geminids). Je, kamera iliyofungwa kwenye mota inayofuata nyota itanasa vimondo vingi kuliko iliyotulia kwenye stendi? (Dodoma)

Jibu: Hapana. Swali hili hunifikia kila mwaka, na jibu halijabadilika. Vimondo hivi huingia angani kwa mwendo wa kilomita 35 hivi kwa sekunde, na mwanga wake huigusa kila pikseli kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kisha ukapita. Kuiacha shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) wazi dakika tano hakukiongezei kimondo mwanga wowote. Kinachoongezeka ni weupe wa anga, nao humeza vimondo hafifu. Kinachoamua ni tundu la lenzi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na upana wa anga unaoonekana. Mwenye lenzi ya f/4 anayetaka kununua mota anunue kwanza lenzi ya f/1.8.

Swali: Basi mota ina kazi gani? (Dar es Salaam)

Jibu: Kuunganisha picha. Kitovu ambacho vimondo huonekana kutokea husogea digrii 15 kila saa pamoja na nyota, kwa hiyo kimondo cha saa nne usiku na cha saa nane, vikiwekwa juu ya picha moja ya kamera iliyotulia, havitaelekea nukta moja mpaka kila kimoja kizungushwe kwa kufuata nyota zake. Mota hukuondolea kazi hiyo, lakini huifanya ardhi ionekane imekorogeka pichani, kwa hiyo ardhi utaipiga kando mota ikiwa imezimwa.

Tatizo ni kwamba mhimili wa mota lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, ambayo nyota huizunguka, na vitabu vya maelekezo huandikiwa watu wa mbali na ikweta, wanaoiona Nyota ya Kaskazini juu ya paa. Hapo ulipo ncha ya kusini ya anga haifiki digrii 7 juu ya upeo, ndani ya ukungu na minazi, na nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Tumia dira na kipimo cha usawa, wala usihangaike: kwa lenzi ya milimita 20, kosa la digrii moja au mbili halionekani katika picha ya dakika moja.

Swali: Nina pia kamera ndogo ya kuiongoza mota. Niifunge? (Arusha)

Jibu: Hiyo ni ya darubini. Iache nyumbani.

Swali: Kwa kamera iliyotulia, shata ikae wazi sekunde ngapi? (Mombasa)

Jibu: Ili nyota zisigeuke mistari, wengi hugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi (milimita zake), hivyo lenzi ya milimita 20 hupata sekunde 25. Mimi huishia 15, kwa sababu ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, ambako nyota hukimbia kuliko kwingine kote, hapa kwetu hupita karibu na utosi. Picha zifuatane bila pengo, na uzime kipunguza chembe (madoa ya kelele pichani) cha kamera, kwani baada ya kila picha hupiga nyingine ya giza ya muda uleule na kukupotezea nusu ya usiku. Pwani, ifute lenzi umande mara kwa mara.

Swali: Nilipiga picha tatu za sekunde 20 nisipate hata kimondo kimoja. Kamera ni mbovu? (Tabora)

Jibu: Saa nne za picha kama hizo ni picha 720. Zimebaki 717.