Kabla ya kupeleka seva Chake Chake

Watu wa hoteli, wa vyama vya kuweka na kukopa na wa hospitali binafsi hunijia mara kwa mara wakitaka kujua waweke wapi seva zao, yaani kompyuta kubwa za kutunzia data, hapa Zanzibar. Wengi huja wakiwa wameshapata kiwanja. Mimi huwaomba wakiweke kando kwanza, tuangalie umeme na faiba, nyuzi zinazobeba intaneti, vinaingiaje kisiwani. Tumezungukwa na bahari, na karibu kila kitu inachohitaji seva kinapita chini yake au kinaletwa na meli.

Siku hizi Chake Chake, kule Pemba, inatajwa sana, kwa kuwa ardhi yake ni nafuu kuliko ya Mjini Unguja na mji umetulia. Nilipopewa kazi ya kuutathmini nilianza na umeme, na ndio uliokula muda wangu mwingi.

Unguja inapata umeme wa bara kupitia waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni na kuingilia Fumba. Waya wa mwanzo ulilazwa mwaka 1980, na ule wa megawati 100 tunaoutegemea leo ulianza kazi 2013. Pemba ina historia yake. Ilikuwa ikiendeshwa na majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, ulipofika waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Kwa hiyo visiwa hivi viwili vinalishwa kwa njia mbili mbalimbali, na kwangu hii ndiyo sifa kubwa ya Chake Chake.

Aliyekuwepo Unguja mwaka 2008 hajalisahau lile giza la karibu mwezi mzima. Halafu likaja jingine, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Pemba haikuguswa, kwa sababu haikuwa kwenye waya ule. Kampuni ya Mjini ambayo nakala ya pili ya seva na data zake ingekuwa Chake ingeendelea kufanya kazi. Lakini usiifanye sifa hiyo kuwa kubwa kuliko ilivyo. Nyaya zote mbili zinachota kwenye gridi moja ya taifa, na gridi ikianguka visiwa vyote vinazimika pamoja. Tena Pemba nzima inategemea ule waya mmoja wa Tanga. Ukipata hitilafu baharini, hautengenezwi kwa siku mbili tatu. Inabidi ipatikane meli maalumu na mafundi wake, na bahari nayo iwe imetulia.

Kwa hiyo piga hesabu ya dizeli mapema. Lita moja kwenye jenereta nzuri hutoa uniti tatu hadi nne. Ukumbi mdogo wa seva unaokula kilowati 50, viyoyozi vikiwemo, unahitaji uniti 1,200 kwa siku, yaani lita 300 hadi 400. Giza la miezi mitatu kama lile la Unguja lingekutaka lita 27,000 mpaka 36,000, na zote zinakuja kwa chombo. Kusi ikichachamaa, vyombo vinachelewa. Muuzaji wa jenereta atakuambia tangi la saa 48 linatosha. Linatosha kwa Dar es Salaam, ambako lori la mafuta liko barabara ya pili. Kwa Chake Chake mimi siwezi kuandika chini ya wiki mbili kwenye ripoti yangu, na bado nadai mkataba wa mafuta wenye adhabu ya kuchelewa.

Faiba ina mtego wake. Mteja mmoja aliletewa mikataba ya kampuni mbili na akaamini ana njia mbili. Tulipofuatilia mitaro na kufungua mashimo ya ukaguzi, tukakuta zote mbili zimekodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, yaani kebo moja kuu. Koleo moja lingezikata zote. Usiridhike na jina lililo juu ya ankara. Dai ramani ya njia nzima: laini inatoka Pemba kupitia wapi, inaibukia Tanga au Unguja, na inaungana wapi na mikongo ya kimataifa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu siku moja, na nchi nzima ikahisi. Aliyekuwa na data zake ndani ya nchi aliendelea kuzifikia. Hiyo ni hoja nzito ya kuweka seva nyumbani, Chake ikiwemo. Umbali usikutishe, kwani mwanga ndani ya faiba huenda na kurudi kilomita 100 kwa takriban milisekunde moja. Kati ya Chake na Mjini mtumiaji hataona tofauti.

Sasa chumvi. Wajenzi wengi wanaotoka bara hawaijui, na ndiyo inayoua mitambo yetu polepole. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, vitu viwili vinavyokula shaba na fedha iliyo kwenye bodi za seva. Kipimo chake ni rahisi na kila mtu anaweza kukifanya: tundika vipande vya shaba na vya fedha kwenye eneo unalolitaka kwa siku 30, kisha vipeleke maabara. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, inashauri kutu isizidi angstromu 300 kwa mwezi kwenye shaba na 200 kwenye fedha (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Vipande vyangu vya Wesha, karibu na mikoko, viliingia weusi kabla ya vile vya Machomane, juu kilimani. Ule mtindo wa nchi za baridi wa kupoza seva kwa kuingiza hewa ya nje, huku usahau. Funga ukumbi, mwaga hewa kavu ndani, na mashine za nje ziwe zimepakwa dawa ya kuzuia kutu tangu kiwandani.

Mafuriko hayanisumbui sana pale. Chake imekaa juu ya vilima na maji yanateremka kwenye mkondo. Epuka mabonde tu, na uende kukitazama kiwanja wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha.

Jibu langu kwa wanaouliza: Chake Chake panafaa sana kwa nakala ya pili ya Unguja, na ningependa taasisi nyingi zaidi zipaone hivyo. Kuweka kituo kikuu pale, kwa umeme wa waya mmoja, bado sikushauri, labda uwe na sola na betri za kubeba sehemu kubwa ya mzigo mchana na usiku.

Ukikubali kwenda, tenga fedha za mambo mawili ambayo bajeti nyingi huyasahau. Stoo ya vipuri iwe Chake kwenyewe, na feni, betri, pampu za mafuta na angalau kiyoyozi kimoja kizima cha akiba. Na uajiri vijana wa Pemba, uwapeleke wakafundishwe kabla jengo halijaezekwa. Fundi wa kuitwa kutoka Mjini atasubiri boti ya asubuhi, na ukumbi wa seva uliokosa ubaridi hupita nyuzi 40 ndani ya dakika chache.