Dadu haijui umekosa mara ngapi

Swali: Assalaam aleikum Mwalimu. Nacheza peke yangu mchezo wa mezani wa marubani wa vyombo vya kivita vya anga za juu. Adui anaendeshwa na jedwali. Nikiwa mbali nahitaji 9 au zaidi kwa dadu mbili ili nimpige. Juzi nilikosa mara tano mfululizo, nikaona sasa imeiva, nikaachia makombora yangu yote mawili. Yakapita bila kumgusa. Chombo changu kikapigwa, na kwenye jedwali la kurudi nyumbani, ambalo ni la waliopigwa tu, nikarusha dadu moja, ikatoka 1. Rubani akafa. Ni wa nne huyo, na hakuna aliyewahi kumaliza misheni 10. Kuna mtu WhatsApp anauza chati ya mizunguko ya dadu kwa shilingi 500. Ninunue? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Jibu: Waaleikum salaam. Usinunue.

Kilichonikera ni hiyo "imeiva". Naisikia kila wiki, kwa vijana wa darasani na kwa wazee wenye heshima zao: namba haijatoka kitambo, basi iko njiani yaja. Yatoka wapi? Dadu ni kipande cha plastiki. Haina daftari la madeni, wala haijui kama mrusho uliopita uliurusha wewe au jirani. Dadu mbili zina matokeo 36, na 10 tu kati ya hayo ndiyo yanayokupa 9 au zaidi. Yalikuwa 10 kwenye mrusho wa kwanza, yakawa 10 kwenye wa sita. Na kukosa mara tano mfululizo kwa hesabu hiyo si nuksi: ukikaa ukarusha mafungu ya mitano mitano, karibu fungu moja katika kila matano litatoka kapa.

Kwa hiyo makombora hukuyatumia kwa wakati wake, uliyatumia kwa hasira. Ungesogea karibu ukapata nyongeza ya moja, ungehitaji 8, na matokeo yanayokufaa yanakuwa 15. Ukimpata kwa nyuma ukaongezewa moja nyingine, unahitaji 7, nayo ni matokeo 21, zaidi ya nusu. Lakini nyongeza hiyohiyo ukiipata huku unahitaji 12 inakutoa kwenye tokeo 1 hadi 3, basi. Watu hukusanya nyongeza popote wanapoziona bila kuuliza zinafanya kazi wapi.

Kumpata kwa nyuma nako kuna kazi yake. Kama sheria zako zinafuata fizikia, chombo kikizima injini hakisimami. Kinateleza na mwendo uleule mpaka ukisukume kwingine. Unaweza kugeuza pua ukamtazama adui huku unazidi kumkimbia. Triplanetary, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1973, uliwafanya wachezaji wachore mwendo huo kwa penseli juu ya ramani, zamu kwa zamu. Fanya hivyo. Sisi wa huku Malindi tusijifanye wageni wa mambo haya, maana setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ikaizunguka dunia bila injini ya kuisukuma njia nzima.

Marubani wako wanne? Chombo kikipigwa katika kila misheni, na 1 ya dadu moja ni kifo, uwezekano wa kumaliza misheni 10 ni kama 16 kwa 100. Nisingeshangaa wangekuwa wanane. Michezo hii ya mtu mmoja imejengwa kwa ukali huo makusudi: B-17: Queen of the Skies, uliotolewa na Avalon Hill mwaka 1983, humtaka mchezaji amalize misheni 25, idadi iliyopangiwa wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa wakiipiga Ujerumani kwa mabomu, na wengi wao hawakuifikia. Dawa iko kwenye barua yako mwenyewe, umeiandika ukaipita: jedwali ni la waliopigwa tu. Ukiishiwa makombora na chombo bado kizima, geuza urudi. Asiyeguswa harushi.

Ukiwa na shaka na dadu yenyewe, hiyo ni shaka ya maana. Kwanza hesabu: pande mbili zinazotazamana lazima zijumlike 7. Kisha chukua gilasi ya maji ya vuguvugu, koroga chumvi nyingi mpaka dadu ya plastiki ielee, uizungushe kwa kidole mara kadhaa. Ikirudi kila mara kuonyesha uso uleule juu, upande mmoja ni mzito, itupe. Chumvi ni rahisi kuliko chati.

Na hizo chati, bwana wangu, hazikuanzia kwenye michezo ya mezani. Zimetoka kwenye kamari ya simu, ile ya ndege inayopaa huku dau likizidishwa, kisha inatoweka ghafla. Huku pwani vijana wanakaa wakisoma safu ya namba zilizotoka, kama kwamba raundi ijayo inazisoma pia. Raundi haitegemei iliyotangulia, kama vile dadu yako. Ndipo anakuja fundi wa utabiri, anakwambia ujaribu bure kwanza. Anatafuta watu 64. Nusu anawaandikia kwamba ndege itapita dau mara mbili kabla ya kutoweka, nusu kwamba haitapita. Waliokosewa anawaacha. Wale 32 waliobaki anawagawa tena, kisha 16, mpaka anabaki na wanane walioona utabiri ukitimia mara tatu mfululizo. Hao wanane wanatuma pesa kwa M-Pesa usiku huohuo, na ndio wanaonipigia simu kunibishia kwamba chati ile wameijaribu kwa macho yao, na ni ya kweli.